Kubadilisha kioo cha mlango wa gari: nilivyofanya kwenye Toyota IST yangu hapa Nzuguni, Dodoma

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika na majani ya uani yamefika magotini, nilimwita kijana mwenye mashine ya kufyekea, ile ya kuning'iniza begani. Gari nililiacha palepale chini ya mwarobaini. Uvivu tu, ufunguo ulikuwa mezani. Nikiwa jikoni nasonga ugali nikasikia mlio kama mtu kapasua mfuko uliojaa hewa. Nikatoka na mwiko mkononi.

Kioo cha mlango wa mbele, upande wa abiria, kilikuwa bado kimesimama. Kimegeuka cheupe chote, kina mipasuko midogo midogo kama bonge la magadi, kimeshikiliwa na tinti tu. Kijana akanyoosha kidole, akakigusa kidogo. Kikashuka chote kwa mkupuo mmoja, nusu kitini, nusu ndani ya mlango.

"Mama, sijakipiga mimi. Ni jiwe."

Jiwe lenyewe tulilikuta chini, dogo kuliko punje ya hindi. Nikamlipa hela yake ya kufyeka, maana uwanja aliufyeka vizuri, na kosa la gari kukaa pale lilikuwa langu. Bima yangu ni ile ndogo, ambayo kioo chako mwenyewe haikulipi hata ukilia. Mimi nafundisha Fizikia Chamwino na kila asubuhi naishika barabara ya Dar kabla jua halijachomoza, kwa hiyo gari lisilo na kioo kwangu ni baridi, vumbi na wasiwasi wa kuliacha nje ya geti la shule.

Naandika kwa ajili ya mwenye gari dogo la Kijapani kama langu, mwenye bisibisi mbili tatu na Jumamosi moja ya kupoteza. Kuweka kioo chenyewe ni kazi ya robo saa. Siku yote inaliwa na chenga za kioo na vumbi, na huko ndiko mafundi wenye haraka wanakoruka.

Kwa nini kilimwagika, na kwa nini hakikatwi

Niruhusu dakika mbili za darasani, kwa sababu zitakuokolea hela. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na kokoto kinachora utando wa buibui na wewe unaendelea na safari yako hadi Morogoro. Cha mlango ni kipande kimoja. Kiwandani wanakikata kwanza, wanakitoboa matundu yake, halafu wanakipasha moto kupita nyuzi 600 na kukipuliza hewa baridi pande zote mbili. Ngozi ya nje inaganda mapema, ndani kunachelewa. Ndani kunapokuja kusinyaa kunaivuta ngozi ya nje, na mvutano huo unabaki humo maisha yote ya kioo: nje kumebanwa, ndani kumevutwa. Ndiyo maana ukikipiga ngumi bapani unaumia wewe. Lakini kitu kidogo chenye ncha kikipenya ile ngozi, nguvu zote zilizofungiwa zinatoka kwa pamoja na kioo kinageuka chenga.

Hapo yanazaliwa mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, kioo hiki hakikatwi wala kutobolewa kikishapitia tanuri. Ukiona mtu anasema atakinyoa kidogo kiingie, hajawahi kujaribu. La pili, kingo na kona ndizo sehemu dhaifu, na zilinigharimu kama utakavyoona.

Fundi mmoja wa madirisha ya nyumba aliniambia atanikatia kipande cha milimita tano kwa elfu ishirini. "Kioo ni kioo, madam." Si kioo ni kioo. Kile cha dirisha la sebuleni kikivunjika kinatoa mapanga, na kwenye gari mapanga hayo yanakaa usawa wa shingo. Cha mlango kinavunjika chenga makusudi, kisikuchinje. Mwingine alinishauri plastiki ngumu ya uwazi. Kwa dirisha lisiloshuka labda, lakini kwa vumbi la Dodoma linalosuguliwa kila unapopandisha na kushusha, ndani ya mwezi utakuwa unaangalia nje kupitia ukungu.

Siku ileile

Usibonyeze swichi ya kioo. Najua kidole kinawasha, usibonyeze. Chenga zilizoshuka ndani zimekaa kwenye mikono ya mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, na kwenye raba za kuongozea, na ukiisukuma mashine unazisaga humo.

Vaa glovu ngumu na viatu vya kufunika vidole. Anza juu kwenye fremu, uchomoe vipande vilivyong'ang'ania raba, kisha telezesha ukija chini. Kama kioo kilikuwa na tinti una bahati, vipande vikubwa vitatoka vimeshikana kama mkeka. Kitini usifute kwa mkono wala kwa kitambaa, maana chenga zinajichomeka kwenye kitambaa cha kiti kisha zinamsubiri mgeni. Nilichukua brashi ya nguo nikakusanya, nikafuata na selotepu pana niliyoizungusha kiganjani huku gundi ikitazama nje, nikawa nagonga gonga. Baadaye nikapeleka gari pale wanapoosha magari, wakapitisha mashine ya kufyonza vumbi chini ya kiti, kwenye reli zake na kwenye kifungio cha mkanda. Kifungio hicho usikisahau. Chenga moja ikiingia humo mkanda haubani sawasawa.

Kuziba dirisha kwa muda kuna namna yake. Watu wengi wanabandika selotepu ya kaki moja kwa moja kwenye rangi ya bodi. Kwa jua letu, siku mbili tu gundi inakuwa imepikika kwenye rangi, na ukibandua inatoka na alama, au rangi yenyewe inatoka. Fungua mlango, chukua nailoni nzito ya uwazi iliyo kubwa kuliko dirisha, ipitishe juu ya fremu na uibandike kwa ndani, kwenye chuma cha fremu, kisha funga mlango uibane na raba. Chini ichomeke kwenye ule mwanya wa kioo. Upepo wa hapa ukianza alasiri, nailoni inapiga kelele kama bendera, ila haitoki. Mimi nilienda nayo Chamwino siku nane, mwendo wa 60, malori yakinipita yote.

Kutafuta kioo

Jifunze kwanza kukitaja. Ukimwambia mwenye duka la spea unataka "kioo cha pembeni", atakuletea saiti mira, na atakuwa sahihi. Sema kioo cha mlango, taja mbele au nyuma, kisha kushoto au kulia ukiwa umekaa kwenye gari unatazama mbele. Kwa magari yetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo changu kilikuwa mbele kushoto. Halafu taja chesisi. "IST ya zamani" haitoshi. IST ya kuanzia 2002 na ile iliyokuja 2007 ni magari mawili tofauti kabisa kwa milango. Mimi nilionyesha kadi ya gari, NCP60, mabishano yakaisha.

Bei nilizoambiwa mchana mmoja, kwa kioo kilekile kilichotumika, zilianzia 60,000 hadi 130,000. Kipya cha dukani hakikuwepo Dodoma nzima niliyoizunguka. Nikampigia muuzaji Dar, tukakubaliana, akakipandisha basi la asubuhi. Jioni nikaenda stendi kuu hapa Nzuguni kupokea mzigo wangu. Kijana wa mizigo akanikabidhi boksi. Nikaliinamisha kidogo. Likalia kama debe la maharage.

Kilikuwa kimefungwa boksi juu na chini, lakini kona zake zilikuwa wazi, na kililazwa bapa chini ya mizigo ya watu. Muuzaji alisema kilitoka kwake kizima, watu wa basi wakasema hakuna aliyewaambia ni kioo, na mimi katikati nikawa nimenunua chenga za elfu sabini. Kama huna budi kuagiza, dai mambo haya kabla hujatuma hela: kingo zote zizungushiwe mpira au hosi ya maji iliyopasuliwa urefu wake, kioo kifungwe kwenye blanketi, kisimamishwe kwa ukingo wake mrefu na kisilazwe, na boksi liandikwe KIOO pande zote. Piga picha kabla ya kufungwa. Na kipokee mwenyewe, ulitikise hapohapo mbele ya aliyekupa.

Cha pili nilikipata hapahapa, maeneo ya Kizota, kwa mzee mmoja anayechinja magari yaliyopata ajali. Mzee alinisalimia "mbukwa", salamu ya Kigogo, na kunipa kigoda kabla hatujaongea biashara. Alikuwa na vioo viwili vya mlango wangu. Cha kwanza kilikuwa kizuri, ila kwenye kona ya chini palikuwa na namba ya gari iliyochorwa, kisha ikasuguliwa isisomeke. Unajua tunavyochora namba zetu kwenye vioo ili mwizi asipate soko. Kioo chenye namba inayosomeka, muuzaji akikuonyesha mabaki ya gari lenyewe pale uani, hakina shida. Kilichosuguliwa namba kirudishe polepole mezani na uulize kingine. Mzee hakubisha. Alitoa cha pili kana kwamba alikuwa ananisubiri niseme.

Cha kuangalia mkononi ni hiki. Kisimamishe kulielekea jua utafute mistari ya wima. Mistari hiyo ni mchanga uliokwama kwenye raba za gari lake la zamani, na haifutiki. Pitisha kidole, chenye glovu, kwenye ukingo wote: kama kuna mmomonyoko hata wa ukubwa wa chenga ya mchele, kiache. Tazama maandishi ya konani. Changu kina TEMPERED na AS2, maana yake ndicho kioo cha aina ile niliyoieleza. Linganisha rangi na kioo cha upande wa pili, vingi vina ukijani kidogo. Kama ni mlango wa nyuma, jua kuwa ule weusi wa baadhi ya magari umo ndani ya kioo chenyewe tangu kiwandani na si karatasi ya kubandika, kwa hiyo ukinunua cheupe utaonekana umeweka kiraka. Mwisho, hakikisha vile vishikio viwili vya chini vinavyofungwa kwenye mashine vimekuja na kioo. Vikikosekana utaanza kuhangaika na vya zamani vyenye mabaki ya kioo na gundi.

Nyumbani kilirudi kikiwa kimesimama kiti cha nyuma, kimeegemezwa, kimefungwa mkanda kama mtoto.

Kufungua mlango

Tulianza saa moja na nusu asubuhi, mimi na kijana wa dada yangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Asubuhi nina sababu nayo, nitaieleza. Vifaa: bisibisi ya nyota, bisibisi bapa ndogo niliyoizungushia kitambaa, soketi namba 10 na reketi yake, tochi, koleo, vikombe viwili vya plastiki vya kuwekea skrubu, na mwiko mwembamba wa kugeuzia chapati. Mwiko si utani. Kuling'oa kava la mlango kwa bisibisi ya chuma kunaacha alama za meno kwenye rangi na kwenye plastiki, mti hauachi. Nunua na klipu za kushikilia kava kama sita kabla hujaanza, kwa sababu za zamani zimekauka na zitakatika tu.

Zima gari, chomoa ufunguo. Kama mlango wako una nembo ya mfuko wa hewa, ishia hapa na ulipeleke gari kwa fundi umeme wa magari. Langu mlangoni haumo.

Kwenye IST utaanza na kile kipembetatu cha plastiki nyuma ya saiti mira, kinavutika kwa mkono. Kisha skrubu iliyojificha ndani ya kikombe cha hendeli ya kufungulia, chini ya kifuniko kidogo. Kisha ile iliyo mle unamoshika kuvuta mlango. Swichi ya kioo inyanyue kwa ncha ya mwiko, uchomoe plagi yake kwa kubonyeza kilimi, usivute nyaya. Gari lenye kioo cha kuzungusha kwa mkono lina kipini kinachoshikwa na waya wenye umbo la kiatu cha farasi nyuma yake. Pitisha kitambaa kati ya kipini na mlango, ukivute huku na huku, waya utaruka. Uruke uelekeo unaouona, maana ukipotea kwenye mchanga basi.

Sasa ingiza mwiko chini ya kava, kwenye kona ya chini, na uvute kwa mkupuo mfupi karibu na kila klipu. Tah. Tah. Kijana wangu alishtuka kila ilipolia, "mama mdogo, imevunjika!" Haijavunjika, ndivyo zinavyotoka. Zote zikishaachia, usivute kava kuja kwako: linyanyue juu, maana limening'inia kwenye mwanya wa kioo. Chomoa waya wa hendeli, weka kava mbali na jua, uso juu. Piga picha ya kila hatua kwa simu.

Ile nailoni

Nyuma ya kava utakuta karatasi ya nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama lami. Hapa ndipo nilipotaka ufike. Mafundi niliowaona wanaichana kwa ngumi na kuitupa, eti haina kazi. Kazi yake ni hii: maji ya mvua yanapita kila siku kwenye mwanya wa kioo na kuingia ndani ya mlango. Yameruhusiwa kuingia, kuna matundu ya kuyatolea chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wako, kwenye spika, kwenye swichi, kwenye zulia. Na huku kwetu, ambako miezi saba hakuna tone, inazuia vumbi. Gari ambalo nailoni ilitupwa utalijua: umefunga vioo vyote, unapita barabara ya mchepuo ya vumbi, na bado asubuhi dashibodi unaiandika jina lako kwa kidole.

Ibandue asubuhi kungali na ubaridi. Gundi ile ikiwa baridi inaachia vizuri; ikipata jua la saa tano inakuwa nyuzi nyuzi kama bamia, inashika vidole, nailoni, nywele. Vuta taratibu kutoka kona ya chini, ukate nyuzi kwa kisu butu, uibandue nusu tu mpaka ufikie matundu makubwa ya mlango, uikunje juu na kuibana na selotepu. Usiiguse upande wa gundi, wala usiiache idake mchanga.

Kukomba chenga

Ukiingiza tochi utaona chenga zimejaa chini kama mchele kwenye ungo. Toa kubwa kwa mkono wenye glovu, kisha ufagie kwa brashi ya rangi kuelekea tundu la chini, umalizie na mashine ya kufyonza. Kutoka kwenye mlango mmoja tulijaza kopo la rangi la lita moja, na hapo nusu ya kioo ilishaangukia kitini.

Halafu sehemu zisizoonekana. Raba ya kuongozea kioo, ile yenye umbo la mfereji mbele na nyuma, ipitishe bisibisi yenye kitambaa urefu wake wote. Mashine ya kioo ina mikono iliyopakwa grisi, na grisi inashika chenga kama asali inavyoshika sisimizi. Ifute, upake mpya kidogo kwenye mikono hiyo tu. Vishikio vya zamani vilivyofungwa kwenye mashine vifungue, bolti mbili za namba 10. Ila mota usiifungue kutoka kwenye mashine yake kama haina ubovu. Mashine nyingi zina springi iliyokunjwa kwa nguvu, na mota ndiyo inayoizuia. Ukiitoa, mkono wa chuma unaruka, na vidole vyako viko njiani.

Chini kabisa ya mlango, ukingo wa nje, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vyangu vilikuwa vimezibwa na tope lililokauka, la miaka nadhani. Nilivizibua kwa kijiti cha mshikaki. Vikiziba, maji yanalala humo na mlango unaanza kuoza kutoka ndani, wewe unaona kutu ikishatokeza nje.

Ukidhani umemaliza, funga mlango kwa nguvu mara tatu, kisha upige ngumi bapani kwa nje. Ukisikia chenga zikicheza, rudi. Sisi tulirudi mara nne. Mlango uliponyamaza ilikuwa imeshafika saa nne, tukanywa chai.

Kuingiza kioo

Chomeka swichi tena bila kava, washa umeme wa gari bila kuwasha injini, na uipandishe mashine mpaka pale panapofungwa vishikio paonekane kwenye matundu ya mlango. Zima. Mikono ya watu isiwe ndani wakati mashine inatembea.

Kijana alisimama nje, mimi nikakaa ndani. Kioo kinaingia kutoka juu kikiwa kimeinamishwa, pua yake ya mbele ikitangulia chini, kisha unakinyoosha kikishapita mwanya. Ile raba ya nje inayolamba maji unaweza kuiacha kama mwanya unatosha, kwangu ulitosha. Ukingo wa mbele uingie kwenye mfereji wake, kisha wa nyuma. Kishushe mpaka vishikio vikutane na mashine, uweke bolti zote mbili, uzikaze kwa vidole tu.

Kwa vidole tu. Mimi niliyefundisha wanafunzi kusoma swali mara mbili nilizikaza kabisa palepale, kwa furaha. Nikarudisha kila kitu, nikaenda kazini Jumatatu, na nilipofika Ihumwa kwenye mwendo wa 80 kioo kikaanza kupiga mluzi kama birika. Kilikuwa kimekaa upande, nyuma juu, mbele kuna mwanya wa unene wa sarafu. Jumamosi iliyofuata nikafungua mlango upya. Namna sahihi: bolti zikiwa zimelegea, pandisha kioo hadi juu kabisa huku mtu wa nje akikisindikiza kwa viganja viwili. Kikikaa vizuri kwenye raba ya juu, pande zote sawa, bila kushuka, ndipo unazikaza kupitia matundu, moja kidogo, nyingine kidogo. Usizikaze kama nati za tairi, utapata chenga nyingine.

Kishushe na kukipandisha mara tano. Kama kinasita, dawa ni silikoni ya kupuliza kwenye mifereji ya raba. Usipake grisi wala oili chafu kwenye raba hizo. Grisi ikichanganyika na vumbi letu inakuwa msasa wa majimaji, na ile mistari ya wima uliyoikwepa kwa mzee wa Kizota utajitengenezea mwenyewe.

Kabla ya kava, mwagia jagi la maji juu ya kioo na uangalie ndani: maji yateremke nyuma ya pale inapokaa nailoni, yatokee kwenye vitundu. Kisha rudisha nailoni, uikandamize kwenye gundi yake kwa kidole gumba kuzunguka kote. Palipochanika bandika kiraka cha nailoni nzito kwa gundi ya aina ileile ya mpira au selotepu ya aluminiamu. Waya wa hendeli na plagi vipite kwenye matundu yake vilevile vilivyopita. Kava linaingia kwa kuning'inizwa juu kwanza, kisha klipu zinagongwa kwa kiganja, kisha skrubu. Mlango wa dereva wenye kioo cha kupanda chenyewe kwa mguso mmoja unaweza kusahau mahali pake pa juu. Kwa magari mengi unapandisha kioo hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi sekunde kadhaa ndipo kinakumbuka.

Tinti subiri kwanza. Kaa na kioo wiki moja, ujue hakina mluzi wala mkwaruzo, maana ukikitoa tena kikiwa na karatasi mbichi inachanika kwenye raba.

Yule wa kuchora namba nilimfuata mwezi wa sita. Mvua ya kwanza ilikuja Desemba, usiku, ya kishindo. Asubuhi nikaingiza mkono chini ya zulia la upande wa abiria, hadi pale lilipokunjwa ukutani: kavu. Chini ya mlango maji yalikuwa yanadondoka kwenye vile vitundu, tone moja moja, mekundu kwa vumbi.